Kilichomo Tumboni Bado Hakijaingia Mwilini

Kama umetoka kula ugali wa dona, maharage na mchicha, halafu ukajipapasa tumbo na kusema mwili umepata haki yake, naomba nikusimamishe hapo hapo. Mwili haujapata, au umepata kidogo sana. Saa mbili baada ya kumeza, sehemu kubwa ya chakula kile bado iko nje yako.

Usibadilishe stesheni. Njia ya chakula ni mrija mmoja mrefu, unaanzia midomoni na kuishia kunakotokea haja kubwa, wazi huku na huku. Kinachopita humo hakijawa sehemu yako, kama vile uzi unavyopita katikati ya ushanga na ushanga usizidi uzito. Mbegu za pera unazijua: zinaingia, zinasafiri, zinatoka kama zilivyoingia. Kwa siku nzima umezibeba tumboni, lakini mwilini hazikuwahi kuingia.

Ili chakula kiwe chako hakina budi kuvuka ukuta, na ukuta wenyewe ni wa utumbo mwembamba. Habari za jioni hii ni za ukuta huo.

Nimeuchagua kwa sababu tunahubiriwa sana kula. Kliniki kuna mabango ya makundi ya vyakula, redioni tunaambiwa samaki, mayai, mboga za majani. Ni maneno mazuri, siyapingi. Lakini kufyonza nani anakutaja? Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa ilikaribia nusu kwa nusu. Sasa jiulize: mahindi yanayojaza malori kwenda Dar es Salaam yanatoka wapi? Ni huko huko. Sababu za udumavu ni nyingi, na anayekupa sababu moja anakudanganya: mtoto analishwa uji wa mahindi mtupu, mama anashinda shambani, maradhi hayampi mtoto nafasi ya kupumua. Ila jambo moja liko wazi. Ghala linaweza kujaa na damu ya mtoto ikabaki na njaa.

Tuanzie mdomoni, maana hapo kuna jaribio unaloweza kulifanya usiku huu. Chukua tonge la ugali mtupu, bila mboga. Litafune, usimeze. Endelea kutafuna, taratibu, kwa dakika moja hivi. Utaanza kusikia utamu kwa mbali. Hukuongezewa sukari; ni mate yako. Mate yana kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga kuwa vipande vidogo vya sukari, na ulimi unavitambua. Mtu mzima hutoa mate lita moja hivi kwa siku, na wengi wetu tunayapoteza kwa kumeza matonge mazima mazima kwa sababu bodaboda inasubiri nje.

Kimeng'enya cha namna hiyo hiyo kimo kwenye nafaka inayoota, na bibi zetu walikitumia kabla ya mtu yeyote kukipa jina la kitaalamu. Nazungumzia kimea. Najua, ukisikia kimea unafikiria pombe, na kweli ndiko kilikozoeleka. Lakini katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania, wa Taasisi ya Chakula na Lishe wakiwamo, walikitazama kwa jicho la mtoto wa miezi minane. Tatizo la mtoto huyo ni hili: tumbo lake ni dogo sana. Ukimpikia uji mwepesi anaoweza kuunywa, umemjaza maji. Ukimpikia mzito wenye nguvu, hauteremki. Sasa, ulezi ukilowekwa usiku kucha, ukaachwa uote kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili tatu, ukaanikwa juani na kusagwa, unga wake una nguvu ya ajabu. Pika uji mzito, ule ambao mwiko unasimama. Uepue, uache upoe kiasi, maana moto mkali unaua kimeng'enya. Nyunyiza kijiko cha unga wa kimea, koroga. Dakika chache tu mwiko unaanza kwenda wenyewe, uji umelegea na kutiririka, na hukuongeza hata tone la maji. Nguvu yote iliyokuwamo imebaki humo humo. Urudishe motoni uchemke kidogo, kwa ajili ya vijidudu, kisha mnyweshe mtoto. Sehemu ya kazi ya mate na utumbo umeshaifanya jikoni. Kwa maoni yangu, kimea hakikutendewa haki katika nchi hii. Kingekuwa kinauzwa kwenye pakiti yenye picha ya mtoto mnene, kila duka lingekuwa nacho.

Tuteremke. Tumbo lenyewe, ule mfuko, ndilo linalosifiwa kuliko kiungo chochote cha njia hii, na sifa nyingi si zake. Linasaga, linamwaga tindikali kali inayoua vijidudu vingi, linaanza kuzikata protini. Kufyonza, karibu hakuna. Kileo kidogo na baadhi ya dawa, basi. Kazi yake ya kuyeyusha tunaijua kwa sehemu kutokana na kisa cha mtu mmoja maskini. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kijana Mkanada aliyekuwa kibarua wa biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya ubavuni. Alipona, lakini jeraha halikuziba. Likaacha tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaona bahati yake. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza kupitia tundu, akavitoa baada ya muda kuona vimefikia wapi. Alichota maji ya tumbo akayaweka kwenye chupa yenye joto, na nyama ikayeyuka humo nje ya mwili wa mtu. Mwaka 1833 akachapisha kitabu, na madaktari wakakubali kwamba tumbo linayeyusha kwa kemikali, si kwa kusaga peke yake. Beaumont ana hospitali zenye jina lake. St. Martin alifanywa mtumishi wa nyumba wa daktari huyo, akatoroka, akarudi kwa sababu ya shida, na akaishi na tundu lake hadi mwaka 1880. Elimu ya mwili wa binadamu ina madeni mengi ya namna hiyo.

Mtu anaweza kuondolewa tumbo lote na daktari wa upasuaji akaendelea kuishi, akila kidogo kidogo na kuchomwa sindano za vitamini B12. Ukimwondolea utumbo mwembamba wote, itabidi alishwe kwa mshipa wa damu. Kwa hiyo tusipoteze muda zaidi na tumbo. Twende kwenye ukuta.

Chakula kikitoka tumboni ni rojo chachu. Kinapokelewa na maji ya kongosho, yanayozima ule uchachu na kuleta vimeng'enya vya kila aina, pamoja na nyongo kutoka ini, inayoyavunjavunja mafuta kuwa matone madogo mno. Hapo ndipo wanga unapokaribia kuwa sukari rahisi, na protini kuwa vipande vyake vya mwisho. Kisha vinakutana na ukuta, na ukuta huo si laini kama ndani ya mpira wa maji. Umejaa vinyuzi vilivyosimama, kila kimoja urefu wake kama milimita moja au chini ya hapo, na juu ya vinyuzi hivyo vipo vingine ambavyo bila darubini kali huvioni. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba ukiutandaza utumbo wote unapata eneo la uwanja wa tenisi. Watafiti wawili wa Sweden walipima upya na kuchapisha jibu mwaka 2014: ni kama mita za mraba 30 tu. Uwanja wa tenisi umetushinda, lakini chumba na sebule zimo tumboni mwako.

Chembe za ukuta huo huishi siku nne tano tu, zikang'oka, nyingine zikachukua nafasi. Ni kiwanda kisicholala, na chenyewe kinakula. Mtu aliyeshinda njaa kwa muda mrefu ukuta wake husinyaa; ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi sahani ya pilau siku ya kwanza wodini. Anaanzishiwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, mpaka ukuta uamke.

Sukari na vipande vya protini vikivuka vinaingia kwenye damu na kupelekwa ini kwanza, kwa ukaguzi. Mafuta yana njia yake nyingine, na yanabeba abiria: vitamini A, D, E na K hazivuki bila mafuta. Mchicha, matembele, kisamvu na karoti vina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ukivichemsha kwa maji na chumvi tu, nyingi inapita na kwenda zake. Mpwani anayetia tui la nazi kwenye kisamvu, na Mnyamwezi anayeunga mlenda kwa karanga, wote wawili wamefungua mlango bila kusoma kitabu. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Sisemi uogeleshe mboga.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu mkubwa, nao ni na chai.

Chai naipenda. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula inafunga mlango wa madini ya chuma, yale ya kutengeneza damu. Chuma cha kwenye nyama na samaki huvuka kwa urahisi kiasi. Chuma cha maharage, mboga na nafaka ni kizito, na mara nyingi hata sehemu moja kati ya kumi haivuki. Ile ladha ya chai inayokausha ulimi ndiyo inayokishika chuma hicho na kukitoa nje, na majaribio yameonyesha kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo imo. Basi tazama mama mjamzito wa kawaida. Kliniki amepewa vidonge vya kuongeza damu. Asubuhi anakunywa chai na chapati au maandazi, na kidonge anakimeza kwa funda la chai hiyo hiyo, kwa sababu kikombe kiko mkononi. Serikali imenunua kidonge, nesi amekihesabu, mama amekumbuka kukimeza, na chai imekibeba hadi chooni. Kidonge hicho kimezwe kwa maji, au kwa juisi ya chungwa ikipatikana.

Chungwa lina maana hapo. Vitamini C inafanya kinyume cha chai: inakishika chuma cha mimea na kukivusha. Nusu ndimu ikikamuliwa juu ya maharage mezani, si sufuriani, kwa kuwa moto unaiharibu vitamini hiyo, au kachumbari mbichi ya nyanya na pilipili hoho pembeni, inaongeza damu kuliko watu wanavyodhani. Vipande vichache vya dagaa ndani ya mboga navyo husaidia chuma cha mboga kuvuka. Na maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe. Watu hudhani ni kwa ajili ya kuokoa mkaa na kupunguza gesi tu, lakini kuloweka pia kunapunguza kitu kilichomo kwenye nafaka na kunde kinachoyafunga madini ya chuma na zinki.

Maziwa niyapitie haraka. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa, na kwa watu wengi duniani kinapungua baada ya kuachishwa ziwa; ndiyo sababu kuna mtu akinywa glasi ya maziwa tumbo linaunguruma. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zilipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo yao wenyewe, tofauti na ya Wazungu. Kama wewe hukurithi, usijilazimishe. Kunywa mtindi, bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo kwa niaba yako.

Na kisichovuka? Kinakwenda utumbo mpana, kukaushwa maji. Kwa siku moja yanaingia kwenye mrija huu kama lita tisa za maji, mbili ulizokunywa na saba zilizomwagwa na mwili wenyewe, na chooni inatoka chini ya robo lita. Makapi yanabaki kwa bakteria, nao hugeuza sehemu yake kuwa chakula cha ukuta wa utumbo mpana. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, alikuja kupima muda chakula kinachochukua kutoka kinywani hadi chooni. Kwa wanakijiji wa Uganda waliokula vyakula vyao vya makapi mengi ilikuwa kama siku moja na nusu. Kwa Waingereza wa mkate mweupe, siku tatu na zaidi. Nawaachia hapo wale waliohama kutoka dona kwenda sembe kwa sababu ya weupe wake, na sasa wananunua dawa ya kulainisha choo.

Nimebakiza ukuta ulioharibika. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu isiyo na viatu, hufika utumboni, hung'ang'ania ukuta wenyewe na kunyonya damu. Hiyo inajulikana, na dawa ipo. Isiyojulikana sana ni hii: mtoto anayetambaa kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku, akapeleka mkono mdomoni mara mia kwa siku, hata asipoharisha, vile vinyuzi vya ukuta vinaweza kufupika na kulala. Anakula, na kinachovuka ni kidogo. Huko Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, na vijijini Zimbabwe, watafiti walijenga vyoo bora na kuweka vibuyu chirizi vya kunawia mikono, wakitarajia watoto warefuke. Hawakurefuka kwa sababu ya hayo peke yake. Nyongeza ya lishe ndiyo iliyosaidia, na kwa kiasi kidogo. Wapo wanaosema basi usafi hauna maana. Mimi naona maana yake ni kwamba choo kimoja hakitoshi kusafisha uwanja mzima wenye kuku, ndama na maji ya dimbwi.

Na mtoto akiharisha kweli, hapo ndipo pana habari njema kuliko zote. Ukuta unaotoa maji kwa fujo bado una mlango mmoja usiofungwa, hata kwenye kipindupindu. Mwaka 1960, kwenye mkutano mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba sukari huvuka ukuta ikiwa imeshikana na chumvi, na maji huzifuata. Chumvi peke yake haisaidii, sukari peke yake haisaidii. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamwaga wakimbizi mpakani mwa India, daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa maji ya dripu katika kambi ya Bongaon. Akachanganya chumvi na sukari ya glukosi kwenye maji, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya 4.

Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ORS ya pakiti, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Ikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, isizidi. Mpe mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Muulize mhudumu wa afya vidonge vya zinki, vinatolewa kwa siku 10 hadi 14. Ziwa la mama lisisimame na chakula kisikatwe. Ile desturi ya kumlaza mtoto anayeharisha na njaa inamalizia kazi ya ugonjwa. Akilegea, macho yakizama, au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali usiku huo huo.

ORS hainunuliwi saa nane za usiku, maduka yamefungwa. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano nyumbani, kesho pitia duka la dawa au zahanati, weka pakiti mbili kabatini.